MEZA NYINGI KWA WAKATI MMOJA: FAIDA IKO WAPI?

NYAKANAZI – Mfanyabiashara wa Nyakanazi hahitaji kufundishwa maana ya kushughulika na meza nyingi kwa wakati mmoja. Mji huo mdogo wa Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, umekaa njia panda. Barabara moja inatoka Kahama, nyingine inakwenda Kibondo hadi Kigoma, na ya tatu inapanda Lusahunga, ambako inagawanyika: upande mmoja Biharamulo, upande mwingine Ngara na mipaka ya Rusumo kwa Rwanda na Kabanga kwa Burundi. Mwenye magunia kumi ya maharage hapo anaweza kumuuzia kidogo mnunuzi wa Kahama, kidogo wa Kibondo na kidogo wa Ngara, ili bei ikianguka upande mmoja apate ahueni upande mwingine.

Hoja ya namna hiyo ndiyo inayotolewa siku hizi na wanaotafuta kipato kwenye mchezo wa karata wa poka kupitia intaneti. Wanasema meza moja huleta faida ndogo, kwa hiyo mchezaji afungue meza nne, nane au kumi na mbili kwenye kioo kimoja, na faida ndogo ndogo zikusanyike kuwa mshahara. Waliowahi kuishi kwa njia hiyo wapo. Waliomaliza mitaji kwa njia hiyo hiyo nao wapo.

Methali mbili zinagombana hapa. Moja inasema haba na haba hujaza kibaba. Nyingine inasema mshika mbili moja humponyoka. Kwa mwenye mtaji mdogo, anayetumia simu moja kupokea fedha za wateja na kuchezea karata, kinachoweza kuamua kati ya methali hizo ni hesabu.

POKA SI MKEKA

Kwanza ni lazima kutenganisha vitu viwili ambavyo vijana wengi huvichanganya. Katika poka, wachezaji hushindana wao kwa wao. Mwenye nyumba, yaani kampuni inayoendesha mchezo, hachezi. Yeye hukata ada kwenye fedha zilizokusanyika katikati ya meza, kwa kawaida hadi asilimia 5 na kwa kikomo fulani. Kwa hiyo mchezaji mahiri anaweza kupata faida ya kudumu, kwa masharti mawili: awazidi wenzake, na awazidi kwa kiasi kinachotosha kulipa ada ya meza na kubakisha kitu.

Mkeka wa mechi za mpira ni biashara nyingine. Hapo anayepanga bei ni kampuni, na sehemu yake imo ndani ya bei tangu mwanzo. Tuseme kampuni imejiwekea asilimia 5 kwa kila mechi, na mchezaji hana ujuzi unaozidi bei hiyo. Akiweka mechi moja, kati ya kila Sh. 1,000/- wastani unaorudi ni Sh. 950/-. Akiunganisha mechi kumi kwenye mkeka mmoja, asilimia 5 hukatwa juu ya kile kilichobaki mara kumi, na wastani unaorudi ni kama Sh. 600/-. Anayeongeza mechi akidhani anatawanya hatari, kumbe anaongeza ushuru.

Michezo ya kasino ya kwenye simu, kama gurudumu na mashine za kuzungusha picha, iko katika kundi hilo hilo. Mwenye nyumba ana faida katika kila dau, na kufungua michezo mitano kwa pamoja ni kumlipa mara tano kwa saa ile ile. Hoja ya meza nyingi inastahili kupimwa kwenye poka peke yake.

ILIKOTOKA

Poka ya fedha kwenye intaneti ilianza Januari 1998, pale tovuti ya Planet Poker ilipogawa karata za kwanza za fedha halisi. PartyPoker na PokerStars zilifuata mwaka 2001. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee, Marekani, Chris Moneymaker, alipata tiketi ya mashindano ya dunia ya Las Vegas kwa kushinda mchezo mdogo wa mtandaoni. Akawashinda washiriki wote, waliokuwa 839 pamoja naye, na kuchukua dola milioni 2.5. Baada ya hapo wageni wakamiminika mezani, wengi wao wakiwa na fedha na wachache wakiwa na ujuzi.

Hapo ndipo utaratibu wa meza nyingi ulipopata nguvu. Kwenye meza ya kawaida, ambako mtu anagawa karata kwa mikono, mchezaji hupata migao 25 hadi 30 kwa saa. Kompyuta hugawa migao 60 hadi 80 kwa saa kwenye meza moja, na haimzuii mtu kufungua meza ya pili. Mchezaji mzuri hutupa karata nyingi anazopewa bila kuzicheza, hivyo hukaa muda mrefu akisubiri wengine wamalize. Muda huo wa kusubiri ndio aliotaka kuuuza.

HESABU YA MEZA

Chukua mfano wa meza ambayo dau kubwa la lazima ni Sh. 200/-. Mchezaji hodari, akiwa na meza moja tu na akili yake yote ikiwa hapo, anapata wastani wa Sh. 10/- kwa kila mgao baada ya ada. Kila meza inatoa migao 75 kwa saa. Kadiri anavyoongeza meza ndivyo anavyopunguza uangalifu, na faida ya kila mgao inashuka. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, lakini zinaonyesha mwendo wenyewe:

Meza 1: migao 75, Sh. 10/- kwa mgao, faida Sh. 750/- kwa saa.
Meza 4: migao 300, Sh. 8/- kwa mgao, faida Sh. 2,400/-.
Meza 8: migao 600, Sh. 6/- kwa mgao, faida Sh. 3,600/-.
Meza 12: migao 900, Sh. 4/- kwa mgao, faida Sh. 3,600/-.
Meza 16: migao 1,200, Sh. 2/- kwa mgao, faida Sh. 2,400/-.
Meza 20: migao 1,500, hasara ya Sh. 1/- kwa mgao, hasara Sh. 1,500/-.

Orodha hiyo inafaa kusomwa polepole. Kutoka meza moja hadi nne, mapato yameongezeka zaidi ya mara tatu ingawa kila mgao unalipa pungufu. Hapo kibaba kinajaa. Kutoka nne hadi nane, meza nne mpya zimeleta Sh. 1,200/-, yaani Sh. 300/- kila moja, wakati meza ya kwanza peke yake ilileta Sh. 750/-. Kutoka nane hadi kumi na mbili, mchezaji ameongeza kazi ya migao 300 kwa saa bila kupata hata senti. Baada ya hapo kila meza mpya inakula faida ya zilizotangulia.

Kosa linalofanywa na wengi ni kutazama jumla. Mwenye meza 16 anaona Sh. 2,400/- na kusema kazi inalipa, kwa kuwa ni zaidi ya alichopata kwenye meza moja. Swali sahihi ni je, meza ya mwisho iliyofunguliwa imeleta nini? Mwenye maduka mawili naye ajiulize hivyo hivyo kabla ya kufungua la tatu.

Kwa upande wa asiye na ujuzi, hesabu ni fupi zaidi. Anayepoteza Sh. 10/- kwa mgao hupoteza Sh. 750/- kwa saa kwenye meza moja. Kwenye meza nane atapoteza Sh. 6,000/- kwa saa, hata kama uchezaji wake hautaharibika zaidi. Kwa saa nne za usiku mmoja ni Sh. 24,000/-. Meza nyingi hazimgeuzi mtu kuwa mshindi. Zinazidisha kile alichokuwa nacho kwenye meza ya kwanza.

FAIDA ISIYOONEKANA

Ipo, hata hivyo, sababu moja nzuri ya kucheza meza zaidi ya moja, nayo haitajwi sana. Poka ni mchezo wa ujuzi, lakini bahati huyumbisha matokeo kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Kwenye meza za wachezaji sita, matokeo ya kawaida hupanda na kushuka kwa kiasi cha kama madau makubwa 90 kwa kila migao 100, wakati faida ya mchezaji mzuri ni madau matatu hadi matano tu.

Maana yake ni hii. Mchezaji mwenye faida ya madau matatu kwa kila migao 100, akicheza migao 10,000, anatazamia Sh. 60,000/- kwenye meza ya mfano wetu. Lakini zaidi ya mara moja katika kila mara tatu atajikuta ana hasara, bila kukosea chochote. Hata baada ya migao 100,000, bado takriban mara moja katika kila mara saba atakuwa amepoteza.

Kwa meza moja, saa nne kila usiku, migao 100,000 inachukua karibu mwaka mzima. Kwa meza nane inachukua siku 42. Meza nyingi humwezesha mtu kujua mapema kama kweli ana ujuzi au alibahatika. Hiyo ni faida kubwa, ili mradi ana kumbukumbu za maandishi na ana mtaji wa kumfikisha huko.

REKODI YA BAHAMAS

Januari 2012, huko Bahamas, Mmarekani Randy Lew aliweka rekodi ya Guinness ya kucheza migao mingi zaidi ya poka ya mtandaoni kwa saa nane. Alicheza migao 23,493, sawa na karibu 49 kila dakika. Sharti mojawapo lilikuwa amalize akiwa na faida, naye alimaliza nayo. Faida yenyewe ilikuwa dola 7.65.

Ni kweli Lew alikuwa mchezaji wa kulipwa aliyepata fedha nyingi kwa njia zake za kawaida, na siku hiyo alitafuta kasi, hakutafuta mshahara. Lakini hesabu inabaki: mmoja wa watu mahiri kabisa duniani katika kazi hiyo, alipoisukuma hadi mwisho wa uwezo wake, alipata chini ya dola moja kwa saa.

Kampuni zenyewe nazo zilibadili msimamo. Kwa miaka mingi PokerStars iliruhusu hadi meza 24 za fedha taslimu kwa mchezaji mmoja. Mwaka 2019 ilishusha kikomo hicho hadi meza 4. Wacheza meza nyingi walikuwa wakichelewesha mchezo na kuwachosha wageni, na wageni wakiondoka meza hubaki na wajuzi watupu wanaogawana ada.

RUZUKU IKIONDOLEWA

Kuna jambo jingine ambalo mfanyabiashara wa jumla atalielewa haraka. Wengi wa waliocheza meza 20 au zaidi hawakuwa wakiwashinda wenzao. Waliishi kwa marejesho: kampuni iliwarudishia sehemu ya ada kwa sababu walilipa ada nyingi, kama kiwanda kinavyompa punguzo wakala anayechukua mzigo mkubwa. Novemba 2015 PokerStars ilitangaza kupunguza marejesho kwa wachezaji wa daraja la juu kuanzia mwaka 2016. Baadhi yao waligoma kucheza Desemba hiyo. Mgomo haukurudisha marejesho, na waliokuwa wakiitegemea kampuni kwa faida yao waligundua kuwa biashara haikuwa yao.

MTAJI NA USALAMA WAKE

Kukaa mezani kwa kawaida kunahitaji madau makubwa 100. Kwa mfano wetu ni Sh. 20,000/- kwa meza, na kwa meza nane ni Sh. 160,000/- zilizo hatarini kwa wakati mmoja. Wazoefu hawaweki zote walizo nazo. Hutunza akiba ya viingilio 20 hadi 50, yaani Sh. 400,000/- hadi 1,000,000/-, kwa sababu ya mawimbi yaliyoelezwa hapo juu. Fedha hizo ni lazima ziwe za pembeni kabisa, zisizo za kununulia mzigo, za ada ya shule wala za wakala wa fedha za simu.

Swali la pili ni nani anayezishika. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifungulia mashtaka PokerStars, Full Tilt Poker na Absolute Poker na kukamata anwani zao za mtandao. Ilibainika kuwa Full Tilt haikuwa na fedha za kutosha kuwalipa wachezaji wake. Mwaka 2012 PokerStars ilikubali kulipa dola milioni 731 katika suluhu iliyohusisha pia kuichukua Full Tilt. Wachezaji wa Marekani walianza kupata malipo Februari 2014, karibu miaka mitatu baadaye. Walioshinda kwenye meza nane na walioshinda kwenye meza moja walisubiri foleni ile ile. Salio linaloonekana kwenye kioo ni deni ambalo kampuni inadaiwa. Linakuwa fedha siku linapotolewa.

Hapa nchini michezo hii inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2003, na kodi zake hukusanywa na TRA tangu mwaka 2017. Walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi. Viwango vya kodi, zikiwemo zinazokatwa kwenye ushindi, hubadilishwa na Sheria ya Fedha, hivyo anayepiga hesabu ya faida nyembamba aanze na kiwango cha mwaka husika. Kodi inayokatwa kwenye ushindi bila kuangalia hasara inaweza kumaliza faida yote ya Sh. 6/- kwa mgao. Anayecheza kwenye tovuti ya nje isiyo na leseni ya Bodi, akidhulumiwa hana ofisi ya karibu ya kugonga.

HALI HALISI YA NJIA PANDA

Nyakanazi si gizani. Kituo cha kupozea umeme kipo, na njia kubwa ya umeme inaunganisha mji huo na maporomoko ya Rusumo, ambako mradi wa megawati 80 unagawana umeme kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Simu ziko mikononi mwa wengi. Lakini meza nyingi zinahitaji zaidi ya simu. Kioo kidogo hakionyeshi meza nane kwa namna inayosomeka. Mtandao ukikatika kwa dakika moja, mfumo humpa mchezaji sekunde chache na kisha kuzitupa karata zake. Kwenye meza moja amepoteza mgao mmoja. Kwenye meza kumi na mbili amepoteza zote, pamoja na madau aliyokwisha kuyaweka. Gharama ya vifurushi nayo ni ada juu ya ada.

Kisha kuna mpinzani asiyechoka. Mwaka 2017 programu ya kompyuta iitwayo Libratus iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika migao 120,000. Mwaka 2019 programu nyingine, Pluribus, ilifanya hivyo kwenye meza ya watu sita. Tovuti kubwa zinapiga marufuku programu za namna hiyo na kuzisaka, lakini mwenye meza nyingi ndiye mwenye nafasi ndogo kuliko wote ya kutambua anacheza na nani.

KWA MWENYE MTAJI MDOGO

Yanayoweza kuchukuliwa na mwekezaji mdogo, awe anacheza karata au anauza maharage, ni machache na yanapimika.

Kwanza, asifungue meza ya pili kabla ya ya kwanza kuthibitisha faida kwa daftari. Kumbukumbu ya kichwani huhifadhi ushindi na kusahau hasara.

Pili, aongeze moja moja, na kila mara apime meza ya mwisho imeleta nini. Ikileta sifuri, aifunge, hata kama jumla bado inapendeza.

Tatu, ada na kodi zitangulie kwenye hesabu. Kwenye meza yenye Sh. 4,000/- katikati, ada ya asilimia 5 ni Sh. 200/-, sawa na dau kubwa zima. Anayehesabu ushindi bila ada hiyo anahesabu fedha za mwenye nyumba.

Nne, atoe faida mara kwa mara na kuiweka mahali pengine. Fedha iliyo mezani iko mezani.

Muuzaji wa Nyakanazi anayepeleka magunia Kahama, Kibondo na Ngara ana jambo moja ambalo mchezaji wa meza nane hana. Mzigo ukikosa soko Kahama, magunia bado ni yake na yanaweza kugeuzwa njia. Dau likishaondoka halirudi njia panda. Kwa sababu hiyo tofauti kati ya faida na hasara katika meza nyingi ni nyembamba zaidi kuliko katika magulio mengi, na anayeingia bila daftari ataijua tofauti hiyo kwa kuilipia.